Ukakasi, Uchachu na Pauni Nane: Kuchagua Mvinyo wa Usiku wa Baridi

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkusanyiko wa wazungumzaji wa Kiswahili, Leeds, Uingereza, Desemba 2025

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama na kina baba, kaka zangu na dada zangu, hamjambo. Nawashukuru kwa kunialika, na nawashukuru zaidi kwa kuja, kwa maana najua si jambo jepesi kuvaa koti na kutoka nje katika mwezi ambao jua la mji huu huzama saa kumi kasorobo alasiri, na mtu akatoka kazini bila kuliona kabisa. Kabla sijaingia katika mada, naomba niseme kwamba natambua wapo kati yetu ambao dini yao inawakataza kileo, na wapo walioacha kwa sababu zao wenyewe. Mezani kuna juisi ya zabibu na chai ya tangawizi, na mengi nitakayoyasema kuhusu ulimi na pua yanafaa kwa vinywaji hivyo vilevile.

Mimi nimezaliwa Dodoma. Wamisionari kutoka Italia walipanda mizabibu huko katika karne iliyopita, wakulima wa pale wakaupokea mmea huo wakaufanya wao, na kwa kuwa hakuna baridi kali inayoulaza mti, zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka ilhali huku Ulaya huvunwa mara moja tu. Utotoni tulizila zabibu nyekundu za Makutupora moja kwa moja kutoka kwenye kichala, na nilipozitafuna pamoja na ngozi na mbegu, kinywa kilinikauka kana kwamba nimelamba vumbi. Sikujua kwamba miaka mingi baadaye, nikiwa nimeajiriwa katika duka la mvinyo hapa Uingereza, huko kukauka kwa kinywa ndiko kungekuwa somo langu la kwanza.

Aliyetufundisha kazini alihangaika sana kueleza kitu kinachoitwa tanini. Alitupa chai iliyokaa na majani yake kwa muda mrefu tuionje, kisha akawauliza wenzangu wamehisi nini, nao wakashindwa kupata neno. Mimi nilikuwa nalo tayari, kwa sababu lugha yetu inalo: ukakasi. Mtoto wa Pwani aliyekula bibo ambalo halijaiva, aliyeng'ata ndizi mbichi, au aliyeshuka kutoka juu ya mzambarau akiwa na ulimi wa rangi ya zambarau na ufizi uliokauka, ameujua ukakasi kabla hajajua kusoma. Nasisitiza kwamba ukakasi si ladha, bali ni mguso. Tanini iliyomo katika ngozi na mbegu za zabibu hushikamana na protini za mate, mate yakapoteza ule utelezi wake, na ulimi ukajihisi mkavu ingawa kinywani kumejaa kinywaji. Kwa hiyo hata nyama iliyonona humfaa mtu anayekunywa mvinyo mwekundu mzito, kwa kuwa tanini hushughulika na protini na mafuta ya nyama, ikauachia ufizi nafasi ya kupumua.

Nalisema hili kwa kirefu kwa sababu nimewaona ndugu zetu wengi wakisimama mbele ya rafu za supamaketi kwa unyonge, wakiamini kwamba mvinyo ni elimu ya watu wengine yenye lugha ya watu wengine. Maandishi ya nyuma ya chupa hutaja matunda ya vichakani mwa Ulaya ambayo sisi hatukuyachuma utotoni, na mtu akisoma asipoyahisi hujiona kwamba yeye ndiye mwenye kasoro. Hana kasoro yoyote. Pua inatambua kile ilichokulia nacho, na pua ya mtu aliyelelewa katika jiko la pilau imekwisha kufunzwa vizuri kuliko nyingi. Mkinusa karafuu katika mvinyo uliokaa ndani ya pipa la mwaloni, hamjawazia: mbao hizo zina eujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake. Mkinusa pilipili manga katika mvinyo wa zabibu za Syrah, ni pilipili manga kweli, kwa maana watafiti wa Australia walionyesha mwaka 2008 kwamba kemikali moja iitwayo rotandoni ndiyo inayotoa harufu hiyo katika vyote viwili. Basi semeni ukwaju mnaponusa ukwaju, semeni embe, semeni moshi wa kuni, semeni vumbi la mvua ya kwanza. Neno likiwa lenu, mtalikumbuka mwezi ujao mtakaporudi dukani, na kazi ya neno la mwonjaji ni hiyo tu, kumsaidia akumbuke alichokipenda na alichokikataa.

Namna ya kuonja haina siri. Mimina theluthi moja ya glasi, usizidishe, ili harufu ipate mahali pa kukusanyika. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe uitazame rangi, kisha uizungushe taratibu na kuinusa mara moja kwa kina, maana pua huchoka upesi ikinusanusa. Ukinywa, uache mvinyo utembee kinywani kote kabla ya kuumeza, na ujiulize mambo matatu. La kwanza ni uchachu: je, mate yamejaa pembeni mwa ulimi kama mtu aliyelamba ndimu? Uchachu ndio unaoufanya mvinyo uwe na uhai, na mvinyo usiokuwa nao hupwaya kinywani kama juisi iliyosahauliwa juani. La pili ni ukakasi, ambao tumekwisha kuueleza. La tatu ni joto la kileo, linalosikika kooni baada ya kumeza. Haya matatu yakisaidiana, hakuna moja linalopiga kelele kuliko mengine, hapo una mvinyo mzuri hata kama bei yake ni ndogo. Baada ya kumeza, hesabu polepole uone ladha inabaki kwa muda gani. Mvinyo hafifu hupotea kabla hujafika tano, na ule uliotengenezwa kwa uangalifu huweza kukufuata hadi kumi na zaidi.

Sasa nije kwenye fedha, ambako naomba mnisikilize kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo tunapopunjwa bila kujua. Kila chupa ya mvinyo inayouzwa nchini humu hutozwa ushuru wa bidhaa kwa kadiri ya kileo kilichomo, na kwa viwango vilivyoanza tarehe 1 Februari 2025, ushuru huo ulikuwa pauni 29.54 kwa kila lita ya alkoholi tupu. Chupa ya kawaida ya mililita 750 yenye kileo cha asilimia 12.5 ililipa takriban pauni 2.77, iwe ni chupa ya mfalme au ya maskini. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Chukueni chupa ya pauni 5 kwa viwango hivyo vya 2025. Kodi ya ongezeko la thamani ni senti 83 na ushuru ni pauni 2.77, na baada ya kuviondoa hivyo inabaki pauni 1.40. Hiyo pauni 1.40 ndiyo inayolipia kioo, kizibo, lebo, meli, lori na faida ya duka, na mwishowe, ikiwa kuna kitu kimesalia, mkulima na mvinyo wenyewe. Sasa chukueni chupa ya pauni 8. Ushuru ni uleule wa pauni 2.77, kodi inakuwa pauni 1.33, na inabaki pauni 3.90. Umeongeza pauni 3, lakini kilichobaki kwa ajili ya mvinyo na safari yake kimekaribia kuwa mara tatu.

Kwa hiyo mimi humshauri mtu mwenye bajeti ndogo anunue chupa moja ya pauni 8 au 9 badala ya mbili za pauni 5, na usiku huo anywe kidogo kwa raha. Si kwamba kila chupa ya pauni 8 ni nzuri, lakini kwa bei hiyo mtengenezaji amepewa nafasi ya kufanya kazi yake. Angalieni pia asilimia ya kileo: kwa viwango hivyo vya 2025 mvinyo wa asilimia 11 ulilipa ushuru wa pauni 2.44, na ule wa asilimia 14.5 ulilipa pauni 3.21, tofauti ya senti 77 ambayo mnunuzi ndiye anayeibeba. Mvinyo mkali una mahali pake usiku wa baridi, ila mjue mnalipia nini.

Nilipata somo la uchungu katika majira yangu ya kwanza ya baridi hapa. Nilialikwa na jamaa kula chakula cha Krismasi, nikaingia katika duka moja nikiwa na pauni 12 ambazo nilikuwa nimezitunza kwa wiki kadhaa, na nikachagua chupa kwa mkono badala ya kichwa. Ilikuwa nzito mno, kioo chake kinene, kitako chake kimebonyea ndani hadi kidole gumba kikazama chote, na lebo yake ina nakshi za dhahabu. Muuzaji aliniona nikiipima mkononi akaniambia kwamba uzito ndio dalili ya ubora. Tulipoifungua mezani, ulikuwa mvinyo mtamumtamu, usio na uchachu hata chembe, wenye harufu ya mbao zilizozidishwa, na wenyeji wangu kwa adabu wakanywa nusu glasi kila mmoja. Iliniuma sana. Uzito wa chupa ni uzito wa kioo, na kioo hicho umekinunua wewe. Vivyo hivyo msidharau chupa yenye kifuniko cha kuzungusha, maana kizibo cha gamba la mti huweza kubeba kasoro inayoufanya mvinyo unuke kama boksi la karatasi lililolowa, na kifuniko cha kuzungusha kinatuepusha nayo. Mkikutana na harufu hiyo, rudisheni chupa dukani na risiti yake. Ni haki yenu.

Je, kwa pauni 8 tununue nini? Jibu langu la kwanza ni Ureno. Nchi hiyo ina zabibu zake za asili nyingi sana, kama Touriga Nacional, Castelão na Trincadeira, na kwa kuwa majina hayo hayajulikani sana na wanunuzi wa huku, hawayalipii bei ya umaarufu. Mvinyo mwekundu wa Alentejo ni laini, wenye joto, na kwa ulimi wangu una zambarau zilizoiva kabisa. Ule wa Douro una ukakasi zaidi na unataka nyama. Jibu la pili ni Hispania, hasa Calatayud na Campo de Borja, ambako zabibu ya Garnacha hutoka kwenye mizabibu mikongwe inayozaa kidogo lakini kwa nguvu. Garnacha ina ukakasi mdogo na harufu ya viungo, na sijaona mvinyo unaokaa na pilau ya nyama vizuri kuliko huo. Zabibu hiyohiyo, kwa jina la Grenache, ndiyo mhimili wa Côtes du Rhône ya Ufaransa, ambayo nayo hupatikana kwa bei ya kuvumilika.

Italia inahitaji tahadhari ya majina. Montepulciano d'Abruzzo ni mvinyo wa zabibu iitwayo Montepulciano kutoka mkoa wa Abruzzo, mwekundu mzito, mchachu wa kutosha, na kwa kawaida wa bei nafuu. Vino Nobile di Montepulciano ni kitu kingine kabisa, kwa kuwa hapo Montepulciano ni mji wa Toscana, zabibu yake kubwa ni Sangiovese, na bei yake hupanda. Nimewaona watu wakilipia mmoja wakidhani wamenunua mwingine.

Chile na Ajentina sitazieleza kwa kirefu, kwa kuwa wengi wenu mnazijua. Mvinyo wa zabibu ya Malbec kutoka Mendoza, Ajentina, na mishkaki ya ng'ombe havijawahi kumwangusha mtu. Nitasema tu kwamba zabibu ya Carménère ya Chile ilidhaniwa kuwa zabibu nyingine, Merlot, hadi mwaka 1994, mtaalamu wa mizabibu kutoka Ufaransa, Jean-Michel Boursiquot, alipoitambua shambani. Ina harufu ya pilipili hoho na moshi, na wale wanaopenda maharage yaliyoungwa vizuri watanishukuru.

Mvinyo mweupe nao una nafasi yake usiku wa baridi, ingawa watu wengi huusukuma hadi kiangazi. Afrika Kusini ina Chenin Blanc nyingi kuliko zabibu nyingine yoyote, na ile inayotoka kwenye mizabibu mikongwe ya Swartland au Paarl ina unene kinywani, harufu ya embe bivu na asali, pamoja na uchachu unaokata tui la nazi. Jaribuni na kuku wa kupaka. Chenin hulimwa pia kwetu Dodoma, kwa hiyo mimi kila ninapoifungua husikia harufu ya nyumbani. Chakula kikiwa na pilipili nyingi, jihadharini na mvinyo mwekundu wenye ukakasi na kileo kikubwa, kwa sababu vyote viwili huchochea moto wa pilipili. Hapo tafuteni mvinyo mweupe wenye kileo kidogo na utamu wa mbali, kama Riesling ya Ujerumani.

Mama mmoja aliniuliza pale mlangoni kama ni kweli mvinyo mwekundu hunywewa katika joto la chumba. Ushauri huo ulizaliwa katika nyumba zilizokuwa na baridi kuliko zetu. Mvinyo mwekundu hupendeza katika nyuzi 16 hadi 18, na sebule yenye hita iliyowashwa hufika nyuzi 21 au zaidi, hasa chupa ikisimama kwenye rafu iliyo juu ya hita, jambo ambalo nimeliona katika nyumba nyingi. Mvinyo uliopata joto hunuka kileo kwanza na tunda baadaye. Utieni kwenye friji kwa dakika 20, au uwekeni karibu na mlango wa nyuma. Lakini ukipoa kupita kiasi, ukakasi hujitokeza na kuwa mkali. Mweupe ni kinyume chake: utoeni kwenye friji dakika 20 kabla, maana ubaridi wa friji huua harufu ambayo mmeilipia.

Kinachobaki kwenye chupa kifungeni na mkirudishe kwenye friji, hata kama ni mwekundu, nacho kitadumu siku mbili tatu. Kwa mtu anayeishi peke yake na kunywa glasi moja jioni, boksi la lita 3 ni la busara kuliko chupa, kwa sababu mfuko wa ndani hunywea kadiri mvinyo unavyotoka, hewa ikakosa pa kuingilia, na mvinyo ukadumu wiki kadhaa.

Ikiwa mmekwisha kununua ile chupa ya pauni 5, msiimwage. Pasheni mvinyo huo moto pamoja na viungo, kama wenyeji wafanyavyo kwenye masoko yao ya Krismasi, ila mfanye kwa mkono wetu: mdalasini, iliki iliyopasuliwa, maganda ya chungwa, sukari kidogo, na karafuu nne au tano tu, kwa maana karafuu ikizidi hukandamiza vyote. Moto uwe mdogo, na sufuria isichemke kamwe. Mkiona mvuke unapanda na viputo vidogo vinaanza pembezoni, epueni hapohapo. Chagueni mvinyo usio na ukakasi mwingi, kwa kuwa joto na ganda la chungwa huongeza uchungu. Wasiokunywa kileo hufanya hivyohivyo kwa juisi ya zabibu nyekundu, na nyumba nzima hunukia.

Kuna jambo sitaki kulipita. Watu husema mvinyo hupasha mwili joto. Haupashi. Kileo hupanua mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi, ukahisi joto usoni na mikononi, lakini joto hilo ni la ndani ya mwili linalotoka nje, na mtu anayetembea kwenda kituo cha basi usiku wa theluji baada ya kunywa sana yumo hatarini kuliko asiyekunywa. Madaktari wakuu wa nchi hii wanashauri mtu asizidishe yuniti 14 za kileo, kipimo kinachotumika huku, kwa wiki, na chupa moja ya asilimia 13.5 ina yuniti 10. Ndiyo sababu nimewashauri chupa moja nzuri badala ya mbili, na ndiyo sababu jioni hii tutaonja vidogovidogo, na ndoo ya kutemea iko pale kwenye kona. Kutema katika kuonja si utovu wa adabu.

Mbele yenu kuna chupa tatu nilizozifunika kwa magazeti ili macho yasiutangulie ulimi. Mwaka 1976, huko Paris, muuza mvinyo Mwingereza Steven Spurrier aliwaonjesha majaji wa Kifaransa mivinyo iliyofichwa majina, na majaji hao wakaipa ushindi mivinyo ya California, mweupe na mwekundu, mbele ya ile mashuhuri ya nchini mwao. Moja ya chupa hizi ni ya pauni 5, nyingine ya pauni 8.50, na nyingine ya pauni 16. Kila mmoja ana karatasi na kalamu. Andikeni kwa Kiswahili, uchachu, ukakasi, joto, na harufu yoyote inayowajia, bila kutazama karatasi ya jirani. Vijana, naomba muanze kumimina namba moja kwa wazee wa meza ya mbele.